Kushona gauni la jioni la 1912: anza ndani

Gauni la jioni la mwaka 1912 ukilitazama pichani utasema limemwagwa, halikushonwa. Satini inateremka hadi sakafuni, juu yake shifoni nyepesi kama moshi wa udi, pindoni shanga, na kifuani vitambaa viwili vimepishana kana kwamba mtu kajifunga tu akatoka. Sura hiyo ndiyo inayotuponza mafundi. Tunaona wepesi, nasi tunashona kiwepesi.

La kwanza nililoshona lilikuwa la binti aliyekuwa anaolewa, la sendofu yake. Alinijia na picha kwenye simu. Nikanunua satini na shifoni, nikatunga shanga pindoni wiki nzima, kisha nikaunganisha kila kitu mabegani kama ninavyoshona gauni lolote. Usiku ule nilikuwepo ukumbini. Kabla chakula hakijapakuliwa, shanga zilikuwa zimekwisha kuvuta shifoni, shifoni ikavuta mabega, na yule binti akakaa sherehe nzima kashika kifua kwa mkono mmoja. Picha zake zote ziko hivyo. Iliniuma sana. Baadaye nikaanza kutafuta picha za magauni yenyewe yaliyotunzwa makumbusho, hasa yaliyopigwa picha yakiwa wazi mgongoni, na hapo nikaelewa. Ndani ya ule wepesi mna kizibao cha pamba chenye mifupa, yaani vijiti vyembamba vya kukisimamisha, na ndani ya kizibao mna mkanda unaobana kiunoni. Gauni zima linaning'inia kwenye mkanda huo. Mabega hayabebi karibu kitu chochote.

Basi mwongozo huu unaanzia ndani. Ukifuata mpangilio huu utatumia muda mwingi zaidi kwenye sehemu ambayo hakuna mgeni atakayeiona, na ndivyo inavyotakiwa.

Amua kwanza ni mwaka gani

Mteja akikwambia anataka "gauni la kizamani, la mabibi wa London", mwulize picha. Kati ya 1900 na 1914 umbo la mwanamke wa tabaka la juu wa London na Paris lilibadilika kabisa. Mpaka 1907 hivi korseti, vazi gumu la ndani la kubana mwili, ilisukuma kifua mbele na makalio nyuma, mwili ukawa kama herufi S, na sketi ikabana nyongani kisha ikafunguka chini kama kengele. Kuanzia 1908 Paul Poiret wa Paris akapandisha kiuno, akainyoosha sketi, akarudisha ule mstari wa enzi za Napoleon. Lilipokuja kundi la baleti la Kirusi, Ballets Russes, na majukwaa yake ya rangi kali, machungwa na zambarau na kijani zikaingia kumbini mahali palipozoea rangi zilizopauka. London nako, mbunifu Lucile, ambaye jina lake la ndoa ni Lady Duff Gordon na ni miongoni mwa walionusurika Titanic Aprili 1912, alikuwa akitandaza shifoni juu ya shifoni hadi rangi ya chini ikawa inachungulia tu.

Mimi namshauri mteja achague kati ya 1910 na 1913. Umbo la S halipatikani bila korseti kali, na sioni sababu ya kumtesa mtu. La 1912 lina kiuno cha juu kidogo, linamsitiri mwenye tumbo, linamrefusha mfupi, na halili kitambaa kingi.

Uliza linakwenda wapi

Mabibi wale walikuwa na sheria zao, na ukizijua gauni lako litasema kweli. Mchana shingo ilifunikwa hadi chini ya kidevu. Usiku shingo, mabega na mikono vikawa wazi. Gauni la dansi lilikatwa shingo chini zaidi kuliko la chakula cha jioni. Msichana ambaye hajaolewa alivaa nyeupe au waridi hafifu. Mahameli, rangi nzito na taji la vito vilikuwa vya mwanamke aliyeolewa. Aliyekwenda kutambulishwa mbele ya mfalme wa Uingereza alivaa mkia wa yadi 3 ukitoka mabegani na manyoya meupe kichwani, matatu kwa aliyeolewa, mawili kwa msichana.

Nyeusi nayo ina historia yake. Edward VII alifariki tarehe 6 Mei 1910, na Juni yake watu wakaenda kwenye mbio za farasi za Ascot wamevaa nyeusi mtupu. Kwa hiyo gauni jeusi la jioni lenye shanga nyeusi zinazong'aa halitoki nje ya wakati, mteja akilitaka mshonee bila wasiwasi. Swali la mwisho kwa mteja: utacheza muziki? Jibu lake litaamua mkia na mpasuo.

Vitambaa na vifaa

Kwa mwanamke wa futi 5 na inchi 5, kifua 38, mimi hununua hivi, kitambaa kikiwa na upana wa inchi 58 hadi 60:

- satini laini yenye uzito, mita 3 na nusu
- shifoni au neti laini, mita 3
- popilini nzito ya pamba kwa kizibao, mita 1
- marikani ya kujaribia, mita 3
- utepe mgumu wenye mistari, kama ule wa kofia, upana inchi 2, mita 1
- mifupa 10, kulabu na vitanzi vyake dazeni 3, vifungo vya chuma vya kubonyeza dazeni 1
- lesi nyembamba ya shingoni, na shanga

Mifupa ikikosekana, nunua zile plastiki ndefu wanazofungia nyaya mafundi umeme, zile pana. Zikate, choma ncha kwa kiberiti hadi ziviringike. Zinafanya kazi vizuri kuliko mifupa laini inayouzwa kwa mita.

Satini ya mapambo ya ukumbi usiiguse. Hiyo inasimama yenyewe, na gauni hili linataka kitambaa kinachoanguka. Dukani shika pembe moja ya jora, uiache ining'inie: ikianguka kwa mikunjo mirefu laini, chukua, ikitokeza kama pembe ya boksi, achana nayo. Kisha iangalie chini ya taa. Magauni haya yalitengenezwa kwa ajili ya usiku. Lady Curzon, mke wa mwakilishi wa mfalme kule India, alivaa kwenye dansi ya Delhi mwaka 1903 gauni la jumba la mitindo la Worth la Paris lililotariziwa na mafundi wa India kwa nyuzi za dhahabu na fedha, mfano wa manyoya ya tausi, na katikati ya kila unyoya likawekwa bawa la mende wa kijani. Taa za umeme zilipompiga, likawaka lote. Gauni hilo lipo hadi leo Kedleston Hall, Uingereza. Kwa hiyo rangi uliyoipenda saa sita mchana mlangoni mwa duka, itazame pia chini ya balbu ya njano kabla hujatoa pesa.

Na mtu akikuletea hariri halisi ya miaka ile ili uifanyie kazi, kataa kwa upole. Hariri nyingi za wakati ule ziliongezewa uzito kwa chumvi za bati kiwandani, na sasa zinapasuka zenyewe kwenye mikunjo hata bila kuvaliwa.

Vipimo

Mpime akiwa amevaa sidiria atakayoivaa siku yenyewe, na isiwe ile ya kunyanyua. Korseti ya 1912 ilianzia chini ya kifua ikashuka kupita nyonga. Kifua chenyewe kilikaa chini kidogo, mahali pake pa asili. Kifua kikinyanyuliwa juu, gauni linakuwa la leo.

Pima kifua, chini ya kifua, kiuno, na tena kiuno inchi 2 juu ya hapo. Nyonga ipime sehemu nene kuliko zote. Halafu kutoka kile kiuno cha juu hadi sakafuni, mbele na nyuma, akiwa na viatu. Viatu vya wakati ule vya satini vilikuwa na kisigino cha wastani kilichopinda kwa ndani, kwa hiyo asije na kisigino cha inchi 5.

Hatua ya 1: mkanda na kizibao

Hapa usiwe na haraka.

Kata utepe mgumu urefu wa kile kiuno cha juu, toa nusu inchi, ongeza inchi 1 ya kukunja kila upande. Ukingo wa chini wa utepe ndio utakaokaa kwenye kiuno chenyewe, na ukingo wa juu, inchi 2 juu yake, ndio mstari wa gauni. Mbavu ni pana kuliko kiuno, kwa hiyo utepe ulionyooka utabana chini na kukata juu, au kinyume chake. Ndiyo maana unaukata kwa kipimo cha juu, kisha upunguze chini kwa vikunjo vinne vidogo, viwili ubavuni na viwili mgongoni. Tia kulabu mbili imara nyuma.

Kizibao kikate kwa marikani kwanza. Kiwe na mishono miwili mbele inayopita juu ya kifua, miwili ubavuni, miwili mgongoni, na kifunguke nyuma katikati. Juu kiishie karibu inchi 2 juu ya mstari wa kifua, chini kiishie inchi 1 chini ya kiuno. Usiongeze nafasi ya kupumulia. Kikae mwilini kama ngozi. Kikishamtosha, fungua marikani, tumia vipande vyake kukata popilini, shona, pasua mishono kwa pasi. Juu ya kila mshono shona utepe wa pamba uwe mfuko wa mfupa. Mfupa uishie nusu inchi kabla ya ukingo, juu na chini, la sivyo utamchoma akikaa.

Sasa weka mkanda ndani ya kizibao, na uushikize kwa mkono kwenye mishono tu, mishono mitano sita ya msalaba kila mahali. Usiupige cherehani kuzunguka. Inchi 2 za mwisho kila upande, karibu na ufunguzi wa nyuma, ziache huru kabisa, maana mkanda unafungwa kwanza peke yake, kisha kizibao kinafungwa juu yake bila kuvutwa.

Mvalishe. Anyanyue mikono, akae, ainame, acheke. Halafu fanya jaribio langu: chukua mfuko wenye kilo moja ya sukari, ubane kwa pini kubwa kwenye mkanda, kwa nyuma, umwambie atembee nyumba nzima na kupanda ngazi kama zipo. Kizibao kisiposhuka hata kidogo, umemaliza nusu ya kazi. Kikishuka, mkanda umelegea. Punguza robo inchi ujaribu tena. Usiendelee na sketi kabla jaribio hili halijafaulu.

Hatua ya 2: sketi

Ni vipande viwili, mbele na nyuma. Nyongani weka kipimo chake na inchi 3 za nafasi. Pindoni, mzunguko wa inchi 60 unatosha. Zipo picha za 1910 na 1911 zenye sketi zilizobana miguu hadi mwanamke anapiga hatua za kuku. Usimfanyie mteja wako hivyo, ngazi zitamshinda. Anayecheza mpe mpasuo wa inchi 14 upande wa kushoto. Wenyewe walianza kupasua sketi hivyo hivyo wakati homa ya tango ilipoikamata Paris na London, 1912 na 1913.

Kipande cha nyuma kirefushe inchi 16 kuwa mkia, ukizungushe ncha. Mbele sketi iwe tambarare. Kitambaa kinachozidi kikusanye nyuma katikati, ndani ya inchi 4. Ishone kwa mkono kwenye ukingo wa juu wa mkanda kupitia kizibao. Iache ining'inie usiku kucha, asubuhi ndipo upinde pindo, kwa mkono.

Chini ya mkia, kwa ndani, piga bandi rinda la pamba la inchi 4. Hilo ndilo linaloburuta sakafu badala ya satini, na likichafuka unalibandua na kulifua. Tia pia kitanzi cha utepe kwenye ncha ya mkia, cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono wakati wa kucheza.

Hatua ya 3: shifoni na shanga

Shifoni ina tabia ya kukimbia mkasi. Itandaze juu ya shuka la pamba, ibane na shuka kwa pini, ukate vyote pamoja kama unaweza kulitoa shuka sadaka. Ama sivyo tumia karatasi za gazeti lisilotoa wino. Sindano mpya, namba 9. Mishono ya ubavuni ifiche: shona kwanza kwa nje, punguza ukingo ubaki nusu sentimita, geuza, shona tena kwa ndani.

Sketi hii ya juu iishie chini ya magoti kidogo. Shanga zitunge kabla hujaiunganisha na gauni, ikiwa bado bapa mezani. Nyuma ya eneo la shanga weka ukanda wa neti upana wa inchi 3, sindano ipite vyote viwili, kwa sababu shifoni peke yake haiwezi kubeba. Kila baada ya inchi moja piga fundo. Uzi ukikatika ukumbini, zitamwagika shanga chache tu, na hakuna atakayejua.

Ukimaliza, pima pindo hilo kwenye mizani ya jikoni. Mimi sizidishi gramu 300. Lakini usiziogope shanga, maana uzito kidogo ndio unaonyoosha kitambaa. Mariano Fortuny wa Venice alishonea shanga za kioo pembeni mwa magauni yake ya hariri yenye marinda membamba, kuanzia kama 1907, na pamoja na kuwa pambo zilikuwa zinavuta hariri ishuke sawasawa mwilini.

Sketi ya shifoni nayo ishone kwenye mkanda. Isiguse mabega kwa namna yoyote.

Hatua ya 4: kifua

Baada ya kazi yote hiyo, hapa ni raha. Kata vipande viwili vya shifoni, mkono ukiwa umeungana na bega, kama dera. Mteja avae kizibao na sketi, asimame mbele ya kioo. Weka kipande cha kulia begani, ukivute kipite kifuani hadi ubavu wa kushoto. Cha kushoto kiende kulia. Panga mikunjo kwa vidole, bana kwa pini kwenye kizibao, rudi nyuma hatua tatu utazame. Mikunjo ikikaa vizuri, ishikize kwa mishono midogo iliyojificha chini ya kila kunjo. Mkono uishie juu ya kiwiko. Ndani ya shingo weka lesi, ichomoze kidole kimoja tu.

Mwisho, ukanda wa satini uliokatwa mshazari, upana inchi 6, uukunjekunje uzunguke kwenye kiuno cha juu na kufunika maungio yote. Ua la satini upande wa kushoto ukipenda.

Hatua ya 5: kufunga

Hakuna zipu. Mgongoni kila tabaka lina vifungo vyake, navyo vinafungwa kutoka ndani kwenda nje: mkanda, kizibao, sketi ya satini, shifoni, kifua, ukanda. Kulabu kwenye sehemu zinazovutwa, vifungo vya kubonyeza kwenye zile nyepesi. Kulabu zipishane, moja itazame kulia, inayofuata kushoto, hazitafunguka zenyewe akipumua. Andika namba ndogo kwa uzi mwekundu ndani ya kila tabaka, maana anayemvalisha dada yetu siku hiyo atakuwa shangazi au wifi ambaye hajawahi kuliona gauni hilo. Mabibi wale walikuwa na watumishi wa kazi hiyo. Mtengee anayemvalisha nusu saa nzima.

Glavu, kichwa, manyoya

Mkono mfupi ulitaka glavu ndefu, inayopita kiwiko. Zao zilikuwa za ngozi laini nyeupe, zenye upenyo wa vifungo kwenye kifundo ili mkono utolewe wakati wa kula bila kuvua glavu yote. Zako shona kwa satini inayovutika. Bangili huvaliwa juu ya glavu, pete hapana.

Nywele za wakati ule zilikaa chini na pana, zimefunika masikio, na utepe ukipita juu ya paji la uso. Nywele zetu zinakaa hivyo vizuri sana: sokota, viringisha kuelekea shingoni, funga utepe wenye shanga zilezile za pindo. Asikwambie mtu kwamba mitindo hii haikuwa ya wanawake weusi. Marekani Madam C. J. Walker, aliyetajirika kwa kuuza dawa za nywele na kufariki mwaka 1919, alipiga picha za studio miaka hiyo akiwa na magauni yenye lesi yaliyomkaa barabara. Mpe mteja wako picha hizo atazame kabla ya kwenda saluni.

Manyoya ya mbuni yalitoka kwetu Afrika. Mji wa Oudtshoorn, Afrika Kusini, ulitajirika kwayo hadi biashara ilipoanguka mwaka 1914. Unyoya mmoja kichwani, au kipepeo cha mkononi cha kujipepea, lakini si vyote viwili pamoja na ua la kiunoni.

Kulitunza

Gauni likivuliwa, vifungo vinafunguliwa kutoka nje kwenda ndani, mkanda mwisho. Lianike kivulini saa chache, liegemee kwenye kiti. Jasho likikauka kwenye kizibao ndipo ulifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usilitundike kwenye henga kamwe, shanga zitairefusha shifoni kwa miezi miwili tu. Lilaze kwenye boksi pana, weka kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kati ya kila kunjo, na shanga zitazame juu. Kila baada ya miezi michache litoe, ulikunje mahali pengine.

Kizibao unaweza kukitenga. Ukikishikiza gauni kwa mishono ya mkono kama nilivyoeleza, utakibandua, utakifua, na mwakani utakivisha gauni jingine jipya kabisa kwa mteja yuleyule.